Mama Asiambiwe Kwanza

Mdogo wake alipokata roho alfajiri ile, Cherehani alikuwa amesimama. Si ajabu, maana yeye na kukaa hawajawahi kupatana. Jina lenyewe alipewa na huyo huyo mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, aliyemwona tangu utotoni kwamba hata akiketi, mguu wake mmoja huendelea kukanyaga chini kama wa fundi aliyechelewesha nguo za watu. Nyumba nzima ikalidaka jina, kisha mtaa, kisha stoo ya vipuri vya malori alikokuwa msimamizi, ambako madereva walimwita hivyo hata mbele ya bosi.

Mdogo mtu alikuwa kinyozi, na kwao aliitwa Kitinda mpaka alipoota ndevu na kuendelea. Jana yake alikuwa kazini, tumbo likamkata katikati ya kichwa cha mteja. Akajikaza akamaliza upande ule aliokuwa nao, akamwomba mteja radhi kwa upande wa pili, akaketi sakafuni juu ya nywele za watu. Wenzake wakamfikisha hospitali amejikunja. Daktari akasema ni kidole tumbo, tena kimeshapasuka, na kwamba wanampeleka kupasuliwa. Mama akapigiwa simu akaambiwa ni tumbo tu, amelazwa wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, alale salama. Halafu alfajiri daktari akatoka chumba cha upasuaji amevua kofia yake ya kitambaa, anaikunja na kuikunjua, na Cherehani akajua kabla mtu hajafungua mdomo.

"Pole sana, dada. Tumejitahidi."

Wapo watu ambao neno kama hilo huwaangusha, na wapo wanaoganda. Cherehani aliuliza, "Sasa nafanya nini?" Daktari akadhani ni maneno ya mtu aliyechanganyikiwa, akamshika bega. Lakini mwenzake alikuwa anauliza kweli. Alitaka kuambiwa hatua ya kwanza, na baada ya hiyo ya pili, kwa sababu alihisi kwamba akibaki pale bila la kufanya, kuna kitu kinakuja nyuma yake na kitamkuta.

Aliyemwelewa alikuwa nesi wa zamu ya usiku, mama mtu mzima aliyekuwa akisubiri kwenda kulala. Akamweleza taratibu. Daktari anaandika taarifa ya kifo. Mwili unateremshwa mochwari, na ndugu mmoja lazima aingie autambue, atie sahihi. Ile taarifa, pamoja na kitambulisho cha marehemu, inapelekwa ofisi ya vizazi na vifo wakupe kibali cha kuzika, maana bila kibali mochwari hawamtoi mtu. "Na kabla ya yote hayo," nesi akasema, "mwambieni mzazi. Msiache akasikia njiani."

Hilo la mwisho Cherehani alilisikia, ila hakulishika. Alikuwa ameshafika mwisho wa korido, simu sikioni, anampigia Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa alikuwa dada wa mama yao, wanakaa ua mmoja, na hakuna msiba mtaani aliowahi kuukosa. Yeye ndiye aliyejua turubai linakodiwa wapi, nani ana masufuria makubwa, na ni shangazi yupi asiwekwe karibu na shangazi yupi. Aliposikia habari alivuta pumzi ndefu ya puani, kisha akaanza kutawala.

"Mama yako asiambiwe kwanza."

"Mama Mkubwa, nesi kasema..."

"Nesi anamjua mama yako? Mama yako ana presha. Ukimtamkia hivihivi tutachimba makaburi mawili. Habari kama hii mtu huonjeshwa, mwanangu. Asubuhi unamwambia hakulala vizuri. Mchana anaambiwa amezidiwa. Jioni, ameshakunywa dawa yake, wazee wameketi, watu wamejaa, ndipo anaambiwa."

"Anaambiwa na nani?"

"Na wewe. Kwani mkubwa nani?"

Basi likawa hilo. Cherehani alikuwa na mchana mmoja wa kukimbia, na mwisho wa mchana huo kulikuwa na kiti ambacho angelazimika kukikalia, amtazame mama yake usoni, na kusema. Akaapa moyoni kwamba mpaka hapo jioni kila kitu kitakuwa tayari, kila karatasi ina mhuri wake, ili atakapotamka neno lile, mama asiwe na jambo lingine la kuhangaikia. Alijiambia hivyo, na alikaribia kuamini.

Mochwari alipita mbio. Mhudumu, kijana mpole mwenye buti za mpira, alimkaribisha aingie kumtambua ndugu yake. Cherehani akasema atarudi, anawahi ofisi za watu. Alianza na karatasi kwa sababu karatasi hazina uso.

Nyumbani alimkuta mama yake uani anaanika mashuka, kibanio kimoja cha nguo mdomoni. Mama alikuwa mwembamba, mnyamavu, mtu ambaye ukimkuta na kazi mkononi haiachi, anakusikiliza huku anaendelea.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ameamkaje mdogo wako?"

Alifundishwa sentensi moja. Angeisema hiyo akapita zake ndani kuchukua kitambulisho. "Hakulala vizuri," akasema, na hapo palitosha. Lakini mama alitoa kibanio mdomoni na kumtazama, na mdomo wa mtu mwenye wasiwasi haujui pa kukomea. Ukajiongezea chumvi ambayo hakuna aliyeiomba.

"Hata kula hajala tangu jana."

"Hajala?"

"Ndiyo. Si unajua mambo ya hospitali. Nitakueleza, Mama, ngoja niwahi."

"Tangu jana hajala," mama akasema, polepole, akalielekea shuka.

Chumba cha Kitinda kilikuwa hakijatandikwa. Kitambulisho alikikuta pale alipojua kipo, ndani ya droo pamoja na chanuo bovu na chaja tatu za simu zisizochaji. Ukutani lilining'inia jaketi lake la kahawia, mabega bado yana umbo lake. Cherehani akakumbuka kwamba mtu hutakiwa kupeleka nguo, maana maiti haivikwi kanzu ya hospitali ikatoka nayo. Akanyoosha mkono alichukue, akaurudisha, akauficha mfukoni kama kitu cha wizi. Nguo zitafuata baadaye.

Alipotoka nje alikuta utawala wa Mama Mkubwa umeshakamilika. Simu ya mama imeshachukuliwa, kisingizio eti inapelekwa kuchajiwa kwa jirani, kumbe imelala kifuani mwa Mama Mkubwa, isije mtu wa mbali akatuma pole. Ndugu waliokuwa wameanza kufika walikuwa wanachepushwa getini na kuingizwa ua wa jirani, mmoja mmoja, kama watu wanaonunua pombe haramu. Huko sharti lilikuwa moja tu: hakuna kulia. Ukilia, mama atasikia, ukuta ni mmoja. Kwa hiyo ua wa jirani ulijaa watu wazima wamekaa juu ya ndoo na mikeka, macho mekundu, leso mdomoni, wanapeana mikono kimyakimya. Binamu mmoja aliyeshindwa kabisa kujizuia alipewa vitunguu amenye, ili apate sababu.

"Turubai?" Cherehani akanong'ona.

"Limefika. Limo ndani ya gari, kona ya pili. Haliwezi kushushwa mpaka aambiwe."

"Viti?"

"Na viti vimo."

"Kaburi?"

"Wajomba wameenda. Lakini nao wameniuliza, mama mtu amesema azikwe wapi? Nitawajibu nini? Wewe nenda kakilete hicho kibali, mengine niachie."

Ndivyo ilivyokuwa siku ile. Kila kitu kilikuwa tayari na hakuna kilichoweza kuanza. Msiba mzima ulikuwa umesimama mlangoni na viatu mkononi, unamsubiri mwanamke mmoja amalize kuanika nguo.

Cherehani akatoka. Njiani alimpigia bosi wake, na bosi, mtu wa kufoka hata akisalimia, akasema tu, "Nenda, mwanangu, stoo ipo," na sauti ile ya upole ikamtonesha kuliko zote. Akapiga kwa vinyozi wenzake Kitinda. Akapiga kwa kwaya ya kanisani kwao. Akapiga kwa binamu aliye mbali, simu haikupokelewa, akashukuru. Kila alipotamka "amefariki" alilitamka haraka, kama mtu anayetoa namba ya kipuri, na kila alipokata simu alishangaa kwamba neno limetoka na yeye bado anatembea. Kwa wengine wote aliweza. Aliyemshinda ni mmoja.

Ofisi ya vizazi na vifo ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja linalofanya kazi na mawili yaliyofungwa. Foleni ilikuwa mchanganyiko wa ajabu: huyu amebeba mtoto mchanga anayelia, anataka cheti cha kuzaliwa, yule amebeba bahasha tu, na ndiye aliyenyamaza. Karani wa dirishani, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliandika kwa mwandiko wa shule, bila haraka. Cherehani alikanyaga, akakanyaga, mpaka mzee aliye mbele yake akageuka.

"Mwanangu, sakafu ya serikali hiyo."

Zamu yake ikafika. Karani akasoma taarifa ya daktari, akatazama kitambulisho, akamtazama yeye, akasema pole, na kwa sauti yake ilikuwa pole kweli.

"Wewe ni nani wa marehemu?"

"Dada yake."

"Alikuwa na mke? Watoto?"

"Hana."

"Jina la mama?"

Akalitaja.

"Yupo hai?"

"Yupo," akasema Cherehani, na simu yake ikaita.

Alikuwa Mama Mkubwa, na alikuwa ananong'ona, jambo ambalo hakuzaliwa nalo. "Mama yako hayupo."

"Hayupo, kaenda wapi?"

"Ningejua alipo ningekwambia hayupo? Nilikuwa nje nazungumza na watu wa turubai. Narudi, mlango wa jikoni uko wazi. Sufuria iko jikoni bado ya moto, imepikiwa uji. Chupa ya chai haipo. Kikapu chake hakipo."

Cherehani akajua uji ule ni wa nani. Hajala tangu jana. Ndilo neno pekee mama alilolisikia asubuhi ile. Mengine yote, hakulala, mambo ya hospitali, yalimpita kama upepo. Mama mtu anaposikia mtoto hajala, huenda jikoni. Na yeye ndiye aliyelisema, kwa kinywa chake, bila kutumwa na mtu.

"Mpigie simu arudi!"

Mama Mkubwa akakohoa kidogo.

"Mama Mkubwa? Mpigie!"

"Simu yake ninayo mimi," Mama Mkubwa akasema kwa sauti ndogo sana.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba huwa inaelekea hospitali. Cherehani akaacha dirisha. Nyuma yake karani akaita, "Dada! Bado mhuri! Kitambulisho hiki!" na yeye akajibu, "Nishikie, mama yangu, nakuja," akiwa ameshauvuka mlango.

Nje akadaka pikipiki ya kukodi.

"Hospitali kubwa. Usisimame popote."

"Una mgonjwa?" dereva akauliza, wameshaingia barabarani.

"Ndiyo. Hapana."

"Sasa dada, nikimbie au nisikimbie?"

"Kimbia!"

Wakakimbia. Lakini akili ya Cherehani ilikuwa imetangulia, inafungua milango ya wodi. Alimwona nesi mgeni, binti wa watu asiye na kosa, ameinamia daftari lake. Alimsikia akisema, yule wa kitanda cha dirishani? Mbona alifariki alfajiri, mama. Hukuambiwa? Hilo ndilo lililomchoma, hukuambiwa. Mama angejua kwa neno moja kwamba mwanawe amekufa, na kwa neno la pili kwamba binti yake, dada yake na mtaa mzima walijua wakamwacha anaanika mashuka. La kwanza huenda angelimeza, wanawake wamemeza mengi. La pili Cherehani hakujua lingemezwa vipi. Akawa anaomba, yeye ambaye si mtu wa kuomba sana: foleni iwepo, lifti iwe mbovu, mama apotee njia, nesi awe na shughuli. Mungu wangu, asimkute mtu. Anikute mimi.

Getini palikuwa pamefungwa, saa ya kuona wagonjwa bado. Watu wamesimama na vikapu vyao nje. Cherehani akajipenyeza mpaka kwa askari.

"Afande, umemwona mama mmoja mwembamba, ana kikapu?"

"Mwenye uji? Nimemruhusu," askari akasema, anajisikia vizuri. "Si utaratibu, lakini alinisihi. Anasema mtoto wake hajala tangu jana. Mimi nina mama pia."

"Muda mrefu?"

"Kitambo. Hee, wewe, dada! Wewe sikukuruhusu!"

Alipita. Akaparamia ngazi, akakosea jengo, akatokea kwa wajawazito, akarudi, akapishana na machela, akakata korido iliyopigwa deki na kuteleza akaangukia goti, akainuka. Nesi mmoja akamgombeza, akamwomba radhi bila kugeuka. Mlangoni mwa wodi ya wanaume akashika fremu kwa mikono miwili.

Mama alikuwepo. Amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha dirishani, kikapu miguuni, kikombe mkono mmoja, kijiko mkono mwingine. Na kitandani alikuwepo mtu. Kijana mgeni kabisa, mikono yote miwili imefungwa bandeji mpaka viwikoni, hawezi kushika kitu. Mama alikuwa anamlisha uji. Anachota, anapuliza, anasubiri afungue mdomo, anampa. Kijana anakula kwa aibu na kwa njaa, vyote pamoja.

Nesi wa zamu ya mchana alipita na sinia la dawa, akawatabasamia. Kwake ilikuwa familia inamlisha mgonjwa wao.

Mama akainua macho akamwona bintiye mlangoni, anahema, goti linavuja damu. Hakushtuka. Akaonyesha ukingo wa kitanda kwa kidevu.

"Kaa."

"Mama..."

"Kaa kwanza. Mwache huyu amalize, hana wa kumlisha."

Cherehani akakaa. Alikaa mikono mapajani, akatazama kijiko kinapanda na kushuka, na kila kijiko kilikuwa mwaka. Hakuna siku katika maisha yake aliyowahi kuketi namna ile. Kijana alipomaliza akasema ahsante, mama, na mama akamfuta mdomo kwa pindo la kitambaa, akafunga chupa, akasuuza kikombe kwa maji kidogo, akakiweka ndani ya kikapu. Kisha akainuka akatangulia, mpaka kwenye benchi la koridoni, karibu na sinki lisilofanya kazi.

"Nilikuta kitanda kina mtu mwingine," akasema walipoketi. "Yule nesi akaja, akaniuliza, nikusaidie nini, mama? Nikamwambia hakuna kitu, nimemletea mgonjwa uji. Ikawa uongo, ndio hivyo ikabidi nimlishe yule mtoto wa watu."

"Kwa nini hukumuuliza?"

"Ningemuuliza angenijibu." Mama akaweka mikono yake juu ya kikapu. "Tena angenijibu vizuri, kwa upole, wamefundishwa. Lakini si kazi yake. Mimi nina mtoto mkubwa. Nikasema nitakaa hapa mpaka aje. Haya, umekuja. Sema."

Cherehani akafungua mdomo. Maneno ya Mama Mkubwa yalikuwa yamejipanga tayari, yanasubiri zamu. "Mama, usiku ule hali yake ilibadilika kidogo, madaktari waka..."

"Usinionjeshe." Mama hakupaza sauti. "Nimewaonjesha watu misiba kabla hujazaliwa, naijua yote hiyo. Hakulala vizuri, amezidiwa, njoo ukae hapa. Niambie neno lenyewe."

"Kitinda amekufa, Mama."

Likawa limesemwa. Cherehani alimkodolea macho mama yake, mikono imenyooka kumdaka, akingoja presha, akingoja kaburi la pili. Mama hakuanguka. Aliinama mbele polepole mpaka paji la uso likagusa mkono wa kikapu, akabaki hapo, mgongo unapanda na kushuka. Mgonjwa mmoja akapita akiburuta malapa. Mama alipoinuka, uso wake ulikuwa uleule, ila umezeeka.

"Lini?"

"Alfajiri."

"Alikuwa na nani?"

"Na mimi. Walipomwingiza nilikuwa mlangoni, nimemshika mkono mpaka wakanitoa."

"Alisema nini?"

"Aliniambia..." Cherehani akasimama, akaketi tena. "Aliniambia nikae chini, nawazibia watu njia."

Mama akacheka. Kilitoka kicheko kifupi cha kweli, cha mtu anayemjua mwanawe, na kilipokuwa bado mdomoni kikageuka kikawa kitu kingine, akakimeza.

"Nani wanajua?"

Cherehani akatazama goti lake.

"Nimekuuliza. Dada yangu anajua? Wajomba zako? Jirani?"

"Wote, Mama."

"Kwa hiyo tangu alfajiri mtaa mzima mna msiba," mama akasema, "mimi peke yangu ndiye nina mgonjwa."

Hilo lilimpiga Cherehani mahali ambapo mbio zote za siku ile zilikuwa zikipakinga. Akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto mdogo, anasema nisamehe Mama, niliogopa, niliogopa kukupoteza na wewe, na huku anasema alijua anachokifanya si haki, ila alikuwa hana pa kulishika neno lile bila kuungua. Nesi wa mchana akachungulia mlangoni, akaelewa, akarudi ndani taratibu. Mama akamvutia kifuani, akampigapiga mgongo, si kwa huruma tu, kwa hasira kidogo pia.

"Presha yangu naijua mimi, nakaa nayo kila siku. Mtoto wangu nimemzaa mwenyewe. Mngenipa na kifo chake." Akamfuta machozi kwa kile kitambaa. "Umeshamtambua?"

"Nilishindwa. Nilikimbilia karatasi."

"Tutaingia wote. Nguo?"

"Bado."

"Ataletewa lile jaketi la kahawia. Na azikwe karibu na baba yake, wajomba zako wasije wakatafuta mahali pengine kwa ujuaji wao." Akanyoosha mkono. "Nipe simu."

Cherehani akampa. Mama hakuhitaji kutafuta, Mama Mkubwa alikuwa wa kwanza kwenye orodha, amepiga na kupiga. Simu haikuita hata mara mbili.

"Umempata?" sauti ya Mama Mkubwa ikapasua korido. "Yuko wapi? Hajasikia kitu? Usimwambie, mlete nyumbani, tumeshaweka dawa yake mezani..."

"Dada, ni mimi."

Upande wa pili maswali yakamiminika.

"Nimeambiwa. Hapana, sijaanguka. Nimekaa. Mwanangu ameniambia." Mama akashika simu kwa mikono miwili. "Shusheni hilo turubai. Na wafungulie watu wangu, dada. Waambie walie."

Kisha akasikika Mama Mkubwa mwenyewe, yule wa kupanga na kuamuru, anaanguka na kilio chake sauti yote, na nyuma yake ua wa jirani, sauti juu ya sauti, wake kwa waume, wanamwita Kitinda kwa jina lake. Mama aliiweka simu juu ya paja, haikukatwa, akawasikiliza. Akawasikiliza mpaka akaridhika kwamba wapo, kwamba ni wengi, kwamba hayuko peke yake. Ndipo akamshika bintiye mkono, na akaanza kulia pamoja nao.